Kadi Niliyoianika Juani

Baba, shikamoo.

Leo asubuhi nilikuwa namsaidia Mama Romana, mfanya usafi wako, kufuta vumbi ofisini wakati unaongeza kadi mpya ya kumbukumbu ndani ya kompyuta, kando ya ile ya zamani. Ikagoma kuwaka, inalia tu pii, pii, ukaenda posta kumpigia simu fundi wa Arusha.

~~Mimi sikugusa kitu.~~ Niligusa. Nilichomoa ile kadi mpya nikaianika juani, kama tunavyoanika betri za redio zikichoka. Nilidhani itapata nguvu. Ikapinda, nikairudisha hivyo hivyo.

Uliporudi ikagoma tena, ukamfokea Mama Romana, "Wewe na tambara lako bichi! Jumatatu usije kazini!" Mimi nikaendelea kufuta vumbi. Usingizi hauji, bora niandike.

Jumatatu toa hiyo kadi, uwashe na ya zamani peke yake. Ikiwaka, ujue kompyuta ni nzima, tambara halina kosa; kadi kama ilichoka kidogo tu, mimi ndiye nimeiua. Mwache Mama Romana arudi.

Chai iko kwenye chupa, sukari hakuna. Nitakuwa misa ya kwanza.

Jioni nilisukuma karatasi chini ya mlango wa Mama Romana: "Shikamoo Mama. Ni mimi, siyo wewe. Nitamwambia Baba." Taa ilikuwa inawaka ndani. Nikasubiri nje mpaka akaizima.

Binti yako,
Xaveria