Mama amepasi robe ya kwaya

Papa,

Mi na Mama tuko hospitali, usiogope. Maharagi iko ku mbabula, makaa ingali inawaka, ongeza maji.

Unakumbuka ulimucheka ati ameacha kwaya juu mwenzake Odette alipewa solo, kuimba peke yake? Si wivu, Papa. Mukojo ulikuwa unamuponyoka mbele ya kufika choo. Aliona haya kukuambia. Leo amesema mi niandike, yeye mudomo unakataa.

Amemeza vidonge mwaka muzima, amefanya na mazoezi ya dokteri, bila kitu kubadilika. Asubui hii dokteri amepiga simu, nafasi imepatikana. Watamulaza usingizi, wapitishe mupira mwembamba mu njia ya mukojo, wamupige sindano ya kutuliza mu kibofu chenyewe. Hawatapasua tumbo. Nilizani atakataa. Akaniambia tu, "Joëlla, washa pasi," akapasi robe yake ya kwaya, ile kanzu nyeupe ya kuimbia. Mi nikalia kama mujinga.

Robe iko ku mulango wa chumba, usiitundikie koti yako.

~~Mama anasema usikuje.~~ Tulikuwa tumeshatoka, akanirudisha nifute hiyo. Kuja, Papa. Ya Odette usiseme kitu, mushike mukono tu.

Binti yako asiyejua kunyamaza,
Joëlla