Kifua cha Mama Mkwe

Jumatano. Kipupwe kimekaza, vumbi la migodini limetanda madirishani, na mimi nimeamka na roho mbaya.

Niseme tu ukweli: ninamwonea wivu mama mkwe wangu.

Mwanangu alizaliwa kabla ya wakati, anaenea kwenye viganja viwili. Hapa hospitalini Kolwezi, watoto kama yeye hubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kitenge, na ndugu wanaruhusiwa kupokezana. Mimi nilipasuliwa, kidonda kikatunga usaha, nikaambiwa nisimbebe muda mrefu. Basi anayembeba ni mama mkwe. Anatoka mtaani kwake Kapata alfajiri kwa pikipiki ya taxi-moto, anavua blauzi, anamchukua.

"Bwana yangu amelala muzuri?" humwuliza, kama bibi wa huku, tunaowaita kambo, wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Wodi nzima hucheka. Mimi hugeukia ukutani.

Tangu ambebe, mtoto anaongezeka uzito. Akiletwa kwangu kunyonya, ananukia sabuni ya mama mkwe.

Jana jioni nilimwandikia ujumbe: waganga wa hospitali wamesema kesho wanaingia wazazi wenyewe tu. Uongo mtupu. Nilitaka siku moja iwe yangu.

Asubuhi nikamfunga mtoto kifuani mwenyewe, nimefurahi kama mwizi. Lakini kidonda kikaanza kuniwaka. Nikawa najipindapinda kutafuta nafuu, kitenge kikalegea, wala sikuona. Muuguzi alipopita akaigusa miguu ya mtoto. Akampima joto, akakunja uso.

"Kambo yake iko wapi?"

Midomo ya mwanangu ilikuwa imebadilika rangi. Niliogopa hata kulia.

Muuguzi akafungua mlango amwite mwenzake, na mama mkwe alikuwa pale pale, kwenye benchi la korido, amejifunika blanketi mbili ili kifua kisipoe. Alikuwa amekaa tangu alfajiri. Aliambiwa asiingie, hakuambiwa asikae nje.

"Mama, juu ya nini haukuingia?" muuguzi akafoka.

Mama mkwe akanitazama mara moja tu.

"Nilichelewa, mama. Munisamehe."

Akambeba. Ilichukua muda, nami nilihesabu kila pumzi, mpaka miguu ikapata joto. Ndipo akanivuta mkono, akauingiza ndani ya kitenge, mgongoni kwa mtoto.

"Weka hapa. Na we pia."

Ningependa kuandika kwamba wivu umekwisha. Haujaisha. Mkono wangu ulikuwa juu ya mwanangu na bado nilitamani kile kifua kiwe changu.

Hajaniuliza lolote kuhusu ujumbe wangu. Kesho akija nitamwambia mwenyewe, na muuguzi asikie.

Ninaogopa atanisamehe hapo hapo, na hata hilo nitamwonea wivu.