Magunia Mawili Katika Chumba cha Ramani

Mwalimu Simiyu,

Nimeianza barua hii mara tatu nikiwa stoo, na mara zote tatu mpishi akaja kuomba chumvi. Sasa nimejifungia ndani ya chumba chako cha ramani, ambako hakuna mtu anayekuja kuomba kitu. Najua ungecheka, maana kwa miaka tisa nilikuwa nikikwambia chumba hiki hakimfai mtu yeyote.

Shajara yangu iko hapa mezani. Uliwaambia walimu wenzako kwamba Mama Stoo akipiga chafya anaandika tarehe. Ni kweli, na leo imenisaidia, kwa hiyo nitakusimulia kwa mpangilio.

Alhamisi yako ya mwisho shuleni niliandika: "Mw. Simiyu amekuja kuchukua chaki. Tumegombana tena juu ya chumba." Maneno yenyewe sikuyaandika, ila nayakumbuka. Nilikwambia mahindi wanayoleta wazazi kwa ajili ya chakula cha mchana yanalala verandani, panya wananenepa kuliko wanafunzi, na wewe umekalia chumba kizima kwa ajili ya karatasi za ukutani. Halafu nikasema, "Mwalimu, hiyo dunia yako haitupikii." Ulichukua chaki zako ukaenda. Ulipofika mlangoni uligeuka.

"Mama Stoo, hayo mahindi hayajui yametoka wapi. Sasa unataka na watoto wasijue?"

Jumatatu hukuja. Tukasikia umelazwa. Wiki iliyofuata Mkuu wa shule alitusimamisha mbele ya bendera akatutangazia, nami nikabaki na neno langu mdomoni kama mwiba wa samaki.

Mazishini sikuja, Mwalimu. Nilisema lazima mtu abaki kuwapimia wapishi unga. Watu walinisifu kwa kujitolea. Haikuwa kujitolea, ilikuwa aibu.

Baada ya wiki mbili Mkuu aliniita ofisini, akanipa ufunguo wa chumba chako. Alisema mwalimu mwingine wa jiografia hatapatikana hadi muhula ujao, wanafunzi waliochagua somo watahamishiwa somo lingine, na mahindi yaingie ndani kabla mvua haijaanza. Miaka tisa nimeutafuta ufunguo huo. Niliupokea kwa mikono miwili, nikaenda moja kwa moja na futi ya kupimia, nione magunia yatapangwaje.

Nilipofungua mlango nilikuta darasa zima limekaa. Walikuwa wanafunzi wako kumi na saba wa gredi ya kumi, wamepitia mlango wa nyuma ule ambao kufuli lake halishiki. Ratiba ilisema Jumanne baada ya mapumziko ni jiografia, na hakuna aliyewaambia vingine. Walisimama wote, wakanisalimu, kisha wakakaa wakafungua madaftari. Ubaoni kulikuwa bado na maandishi yako, yale mambo matano ya kuanzia somo. Hakuna aliyethubutu kuyapangusa.

Mimi nina cheti cha kidato cha nne na futi ya kupimia. Nikatazama magunia ambayo hayakuwepo, nikatazama watoto waliokuwepo.

Nafula, yule msichana wa dawati la mbele anayeuliza hadi mtu anatokwa na jasho, akasema, "Madam, tulikuwa tumefika namba moja."

Nikaiweka futi mfukoni, nikafundisha namba moja.

Usishangae nilijua. Ulinifundisha wewe, ukisubiri chaki. Kila Jumanne ulikuwa ukiegemea kaunta ya stoo, ukashika kitunguu au kifuko cha maharagwe na kuniuliza mimi kwanza kabla ya kwenda kuwauliza wao. Nilidhani unanipotezea wakati. Kumbe ulikuwa unafanya mazoezi juu yangu. Kitu kiko wapi. Mahali hapo pakoje. Watu wamepafanya nini, napo pamewafanya nini. Nini kinatoka na nini kinaingia. Na ni wapi pengine panafanana na hapo, hadi tukapaita ukanda mmoja. Niliyakuta yote kichwani yamejipanga kama mikebe.

Namba moja ilitutoa jasho. Niliwapa sheria yako: elekeza nyumbani kwenu bila kutaja jina la mtu, kwa sababu mtu huhama. Wa kwanza akaanza, "Ukishuka Kiminini, uliza kwa Mama Sharon." Nikamkatiza. Wa pili akasema, "Pinda kwa Pastor." Nikamwambia Pastor ni mtu. Akafikiri, akasema basi pinda kwa mke wa Pastor. Nafula naye akainua mkono akasema, "Madam, kwetu hakuna kitu, kuna watu tu."

Wiki ile tulifika namba nne, ile ya mwendo. Niliwatuma wakafuatilie chakula chao kimetoka wapi. Sikufikiria vizuri. Saa ya chakula wakapanga foleni, na kila mmoja, kabla ya kunyoosha sahani, akamuuliza mpishi maharagwe haya yametoka soko gani, yamekuja kwa pikipiki au kwa pikapu, na kwa nini njia hiyo na si nyingine. Mpishi alikuja stoo na mwiko mkononi, mchuzi wa sukumawiki bado unadondoka. "Mama Stoo, hawa watoto wako ni wa upelelezi ama? Nimepika miaka yote hapa, hakuna mtu ameniuliza maharagwe ni kabila gani." Nikamwambia awajibu tu, ni ya Chwele. Akaniangalia kama mtu aliyeugua.

Mkuu alisikia. Aliniita tena, na safari hii hakutabasamu. Akauliza mahindi yako wapi. Nikasema bado verandani. Akauliza ufunguo nilipewa wa kazi gani. Nikamwomba anipe muda. Alikuna kidevu, akasema afisa wa elimu anakuja kutukagua baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa. Watoto wakiweza kumweleza afisa yale mambo matano, na si kwa kukariri, darasa litaendelea nami hadi mwalimu mpya aje. Wakishindwa, mahindi yanaingia jioni ileile, na jiografia imekwisha katika shule hii.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi ya Matulo. Hapa nivumilie.

Familia yako ilikuwa na maombi ya kukukumbuka, nasi tukaalikwa. Nikaona hapo hapo kuna somo. Nilimwomba Mkuu lori la kubebea kuni, nikawapakia wanafunzi wote, nikawaambia ni wao watakaomwongoza dereva kutoka Kitale hadi kwako. Ramani walichora kutokana na shajara yangu, kwa sababu miaka miwili iliyopita uliwahi kunielekeza kwenu, nami niliandika neno kwa neno: "Matulo, upande wa kaskazini wa lami. Barabara ya murram hadi daraja la mbao. Vuka, panda. Boma lenye mikaratusi minne mirefu." Hakuna jina la mtu hata moja. Nilijivuna njia nzima.

Kwenye lori walibishana kuhusu namba tano: watu wa Kitale wanaishia wapi na ukanda wa Bungoma unaanzia wapi. Wengine walisema Kamukuywa, wengine Misikhu. Mwishowe wakapiga kura kwamba ukanda wa Bungoma unaanzia pale ambapo mgeni hawezi kuruhusiwa kuondoka kabla kuku hajachinjwa, na kwamba mpaka huo utathibitishwa uwandani.

Ulithibitishwa. Tulivuka daraja, tukapanda, na hiyo hapo mikaratusi minne, mirefu, imepangwa mstari. Chini yake turubai mbili na watu wengi wamekaa. Dereva akapiga honi kwa upole. Watu wa huko, Mwalimu, si wewe mwenyewe uliniambia, mgeni msibani haulizwi. Tulipokelewa, tukanawishwa mikono, tukapewa chai, kisha kuku, na wanafunzi wakatazamana kama wanasayansi. Kisha mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akasema wageni wametoka mbali, wapewe nafasi kwanza.

Nilisimama. Nilikuwa nimeiandaa hotuba ile kwa siku nne. Nilisema marehemu alitufundisha sisi sote kuuliza kitu kimetoka wapi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikasema alikuwa mkaidi, ukimwomba nafasi hakupi. Kina mama wa nyuma wakacheka wakasema kweli kabisa. Nikasema nilimkosea kwa maneno, na sikupata siku ya kumwomba radhi. Hapo mama mmoja akaniletea leso. Nikamalizia kwa kusema Kitale yote inamlilia, hasa gredi ya kumi.

Yule mzee alisimama taratibu, akavua kofia.

"Madam, tumeshukuru sana. Kukhu wetu, bibi yetu huyu, ametuachia mengi, miaka tisini si mchezo. Lakini hii ya kufundisha Kitale, hiyo alituficha."

Nilitazama turubai. Nilitazama wanafunzi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Nafula hakuwa na swali. Nilikuwa nimemlilia bibi kizee wa watu ambaye sikuwahi kumwona, na nilikuwa nimekula paja la kuku wake.

Nikawaeleza ukweli. Halafu mzee akauliza, "Simiyu wa ramani?" Nikasema ndiye. Akaanza kucheka, mabega kwanza, na boma zima likamfuata, wafiwa na wote. Alisema boma lako ni la juu, baada ya kona. Akasema ulikuwa na mikaratusi minne kweli, mirefu kuliko hii ya kwao, lakini ulikuja likizo mwaka jana ukaikata yote kwa sababu ilikuwa inakunywa maji ya kisima, ukapita kila boma ukiwahubiria jirani wakate yao. "Sisi tulikataa," akasema. "Sasa ona, tumeiba wageni wake."

Nafula aliitazama ramani yake, akachukua kalamu. Nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba hiyo ndiyo namba tatu, watu wamepafanya nini, na Mwalimu aliifanyia nyumbani kwake. Nami nikafikiria shajara yangu. Niliamini kilichoandikwa kinabaki pale kilipoandikwa. Wewe ulijua mtu huhama, ukasahau kuniambia kwamba hata mti huhama, ukikatwa.

Watu wa Kukhu walitusindikiza hadi kwako kwa miguu, wakiimba, na sinia la chapati kichwani. Mkeo alikuwa ametungoja tangu asubuhi. Tulipomweleza tulikochelewa, alicheka hadi akashika nguzo ya turubai. Binti yako aliniambia kando kwamba mama hajacheka tangu siku ile. Alituonyesha kisima. Maji yamerudi, Mwalimu. Yamefika karibu na ukingo.

Kaburini sikutoa hotuba. Nilikuwa nimeshaitoa kwa Kukhu, nadhani mtagawana. Nilisema tu neno moja, nisamehe, na wanafunzi wakajifanya wanapima hatua kutoka kwenye visiki.

Afisa wa elimu alikuja Ijumaa kama tulivyoambiwa. Alikaa dawati la nyuma, miguu haienei, Mkuu kando yake akiangalia kila mara magunia verandani. Afisa hakuuliza mambo matano ni yapi. Alisema, "Mmoja wenu anielekeze mahali popote, nifike." Mikono ikainuka. Akamchagua Nafula, na mimi nikafumba macho.

Nafula alisimama. "Matulo, upande wa kaskazini wa lami. Fuata murram hadi daraja la mbao. Vuka, panda. Ukiona mikaratusi minne, usisimame, hata ukikaribishwa kuku. Endelea hadi baada ya kona. Kuna visiki vinne na kisima chenye maji. Visiki vilikuwa miti, ikakatwa ndiyo maji yakarudi. Toka kisiki cha mwisho, hatua arobaini kuelekea mashariki. Udongo ni mwekundu, nyasi hazijaota."

Afisa alikuwa anaandika. Akainua kichwa. "Na hapo kuna nini?"

"Ni Mwalimu wetu, sir."

Ile sheria yako aliitii hadi mwisho: jina lako hakulitaja. Afisa alifunga daftari lake. Walipotoka nje Mkuu alipita karibu nami akasema, bila kunitazama, kwamba tutafute mabati tuzibe veranda.

Basi habari ndiyo hiyo. Mwalimu mpya atakuja muhula ujao, nimesikia ni mama kutoka karibu na Kibabii. Nitamwachia ubao kama ulivyouacha, apanguse yeye, mimi siwezi. Mwaka ujao nitawapeleka tena watoto kwako, na tutapitia kwanza kwa Kukhu, maana tumeshakuwa wageni wao. Kila Jumanne nitaweka kitunguu kimoja juu ya kaunta, kimngoje huyo atakayekuja kuchukua chaki. Hiyo ni ahadi, na nimeiandika na tarehe.

Lala vizuri, Mwalimu wangu. Jambo moja tu ningependa ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwingine. Mvua imeanza, na mabati bado hayajafika. Nimeingiza magunia humu ndani. Mawili tu. Yako kaskazini mwa mlango, chini ya ramani ya Trans-Nzoia, na Nafula ameandika juu ya kila gunia limetoka wapi.

Wako,
Mama Stoo