Mkunga Aliyeniambia Niondoke Mimi

Kwa mjukuu wangu Tumaini, Muuguzi, Chimala.

Pokea salamu kutoka Kilolo. Sisi ni wazima, na njegere zimechanua. Madhumuni ya barua hii ni kujibu swali lako: kwa nini baadhi ya wanawake hawarudi kliniki baada ya kupewa sindano ya uzazi wa mpango.

Katika miaka ya hamsini, bibi yako alinusurika kufa akimzaa baba yako. Mkunga alionya asibebe mimba nyingine hadi apate nguvu. Desturi ilikuwa mzazi akakae kwa mama yake mpaka mtoto atembee, nami nikaamuru afungashe kama wenzake.

Mkunga akacheka. "We baba, aende kwa mama yupi? Mama yake si tulimzika? Kwa mama wa kambo hatamaliza wiki. Wa kuondoka ni wewe!"

Nikaenda kuchuma chai karibu na Nyololo kwa miaka miwili. Hadi leo, nikinusa majani mabichi ya chai, namwona bibi yako akinisindikiza barabarani, mtoto mgongoni, akinitania: "Haya mwali, nenda kwenu!"

Sasa Neema, mke wa kaka yako, anasumbuliwa na damu isiyokatika tangu achomwe sindano hiyo. Anaona haya kulalamika, kwa kuwa wenzake wote wanaitumia. Amekubali kupanda basi kuja kwako.

Kwa heshima naomba uamue: je, utampokea Jumatatu, umsikilize kwanza, ndipo mchague njia inayomfaa yeye? Nijibu ndiyo au hapana.

Ni mimi babu yako.