Kanga ya Punda

Dada Salome, shikamoo. Upepo wa huku Katesh ni wa baridi kali, lakini leo ninatetemeka kwa hasira.

Bwana mmoja wa wilayani alisimama mlangoni pa zahanati yetu akawafukuza akina mama wa Kibarabaig waliovaa sketi za ngozi. Eti nchi huru haitaki ushenzi, wakavae kanga alizowagawia! Mmoja wao, Mama Gidamis, alikuwa na mtoto mgongoni anachemka kwa homa. Sketi ile ndiyo heshima yake kama mke, haivuliwi kwa amri ya mgeni. Akaondoka. Akarudi anaswaga punda, kanga mpya kaifunga kiunoni mwa punda.

"Huyu amevaa," akamwambia yule bwana. "Mtibu."

Foleni nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Nilimpokea mtoto mbele ya bwana huyo, nikamchoma sindano. Mama akavua bangili yake ya ngozi, akanivisha.

Sasa nimeambiwa niivue au niache kazi ya uuguzi. Ninakuandikia nikiwa nimeivaa. Wabusu watoto, na uniandalie kitanda.

Mdogo wako, Neema