Mfumo Ulionichagulia

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na wifi yangu anayekupokelea wateja karakanani naye hajambo. Mimi mwili haujambo, usingizi ndio umenipa kisogo. Nimemwomba fundi wa kompyuta wa ofisini kwetu, aliyekuletea barua hii, akuite nje uisomee barabarani. Vumilia jua kidogo. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Utakumbuka ofisi yetu ya ukaguzi wa majengo ilipoacha kulipia mfumo wa zamani, tukaambiwa kila mmoja achague mfumo huria wa kuendeshea laptop yake. Nilitaka ule mwepesi wanaoutumia wenzangu. Ukanicheka, ukasema Mbishi atabisha hata na mashine. Ukaja na flashi yako, ukaniwekea mfumo uliosema ni salama kuliko yote, kwa kuwa kila mtu anaweza kuuchungulia ndani. Nilijisifia ofisini kwamba nina kaka.

Wiki ileile nikapewa kukagua jengo ulipopanga karakana yako. Milango ya ghorofani, wanakolala wanafunzi wa uuguzi, ilikuwa inagoma kufungika. Niliporudi kukagua mara ya pili, ilikuwa inagoma kufunguka. Mlinzi alinionyesha nyufa nyuma ya vitanda, akaniomba nisimtaje. Nikamwandika kwenye rasimu ya ripoti tu, ndani ya laptop yangu, nisije nikasahau. Kesho yake alifukuzwa. Kisha mwenye jengo akampigia bosi wangu, akilalamikia sentensi niliyokuwa nimeiandika asubuhi hiyo na sijamwonyesha mtu. Bosi aliniuliza naropoka wapi. Nikaanza kuogopa hata kivuli changu. Na wewe ukaacha kupokea simu.

Nilipomweleza fundi, aliuliza kama nililinganisha alama. Sikumwelewa. Akanifafanulia kwamba watengenezaji wa mfumo huria hutangaza alama ya faili lao, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na faili likiguswa hata padogo, mstari wote hubadilika. Wenzangu wote walilinganisha kabla ya kuweka. Mimi peke yangu sikufanya hivyo, kwa sababu nani hukagua mkono wa kaka yake?

Flashi yako ilikuwa bado kwenye droo yangu. Tukalinganisha, alama hazikufanana. Nikamwomba arudie, nikimlaumu kwamba amekosea. Hakuwa amekosea. Ndani ya flashi alikuta kiprogramu kinachotuma nakala za kila ninachohifadhi, na zinakokwenda ni kwenye kompyuta ya karakana yako. Nililia chooni, kaka, kama mtoto. Sijui mwenye jengo alikuahidi nini, na sitaki kujua leo.

Tangu hapo kwenye laptop ile nimekuwa nikiandika kwamba nyufa ni za lipu tu, rangi itazifunika. Najua uliyasoma hayo, na najua yalikutuliza. Ripoti ya kweli niliiandika kwenye mashine ya fundi, na nimeikabidhi kwa mkono leo asubuhi. Wanafunzi wameanza kutolewa kwa mlango wa nyuma. Ndizo kelele unazozisikia.

Sasa sikiliza. Nilipokuwa nikiandika uongo ule, nilidhani hatari iko juu kwao, si kwako. Leo, kabla ya kukabidhi ripoti, tulibomoa kipande cha ukuta upande wa pili wa karakana yako. Nguzo inayobeba jengo zima iko nyuma ya kabati lako la vifaa. Ufa wake unaingiza kiganja changu chote. Hilo hukulisoma popote, maana uliyoyasoma nilikuandikia mimi, ili uamini kwamba uko salama.

Hasira yangu kwako ni kubwa, na nitakuja nayo nyumbani. Kwa hiyo nikukute hai. Usirudi ndani kuchukua chochote. Simama hapohapo ulipo, umwite wifi kwa sauti, atoke mikono mitupu.

Umsalimie akishatoka.

Mdogo wako,
Mbishi