Mkono Uliotangulia Kufika

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umerudi saa nne asubuhi. Chai imepoa, nimekunywa hivyo hivyo. Kazi ya leo: picha za tovuti ya ushirika wa wamama wa Kalunguta, wakulima wa maharagwe. Picha arobaini, zote nzito, na mtandao wa Butembo ni huu tunaoujua.

Natumia programu zangu tatu za bure. Ya kwanza inapunguza uzito. Ya pili inakata na kurekebisha mwanga. Ya tatu ni mpya, inafuta chochote unachokipaka kidole: waya, ndoo, mbuzi. Haidai kitu, inataka barua pepe tu.

Jumamosi ya wiki ijayo naenda Beni kuwaonyesha watengeneza tovuti wenzangu programu hizi. Wananiita Profesa wa Bure. Wanatania, lakini jina nalipenda. Leo nimefuta mbuzi wawili na ndoo moja. Nimejiona fundi kweli.

Jumanne, 4 Machi

Picha kubwa ya ukurasa wa kwanza. Wamama kumi na wanne mbele ya depo, ghala lao la maharagwe, wote kwenye kitenge kipya cha kijani walichoshonea tarehe nane, sikukuu ya wanawake. Pembeni, wa kumi na tano. Kitenge chekundu kilichopauka. Kandambili za rangi mbili tofauti. Mkono wake uko juu ya bega la Mama Kahindo, mmoja wa wale kumi na wanne. Jina la huyu wa nyekundu silijui.

Mama Présidente, mkubwa wa ushirika, amepiga simu: "Katungu, ile picha ikuwe propre, safi." Alisema hivyo juu ya matope ya ukutani. Naandika ili nisije nikajidanganya mwenyewe baadaye. Alisema matope.

Nimempaka kidole yule wa nyekundu. Sekunde nne. Ukuta umebaki mtupu, na wale kumi na wanne wanapendeza kama kwaya.

Mkono tu haukutoka. Ya bure inakupa kufuta mara tatu kwa siku, na mimi mbili nilizimaliza kwa matope na baiskeli. Nimeuacha. Utaonekana kama ncha ya shali. Nimehifadhi kwa jina lile lile la faili, juu ya ile ya asili. Kadi ya kamera niliifuta Jumapili, nilikuwa na ubatizo wa kupiga.

Alhamisi, 6 Machi

Tovuti imefunguka. Nzuri. Nimeitazama mara kumi.

Jumamosi, 8 Machi

Kanisa la Kalunguta limejaa kijani. Jenereta, projekta, shuka jeupe ukutani. Ukurasa wa kwanza umefunguka, vigelegele. Kila mama anayejiona anapiga kelele jina lake. Mimi mbele, nainamisha kichwa kama bibi harusi.

Kisha yule wa kitenge chekundu akanifuata. Anaitwa Mama Masika. Mwaka jana alikimbia kijiji chao kwa ajili ya vita, mashariki ya Beni. Njiani wakapotezana na binti yake. Hajui yuko wapi, labda Uganda. Watu wa kijiji chake waliotawanyika wanatumiana anwani ya tovuti, mmoja kwa mwingine. Binti akiiona picha, atajua mama yake yuko hai. Ndiyo sababu siku ile ya picha alisimama na wenye kijani, yeye asiye na kijani.

"Mademoiselle, mimi niko wapi?"

Nilikuwa na jibu. Mdomo ukatoa jingine.

"Picha haiyamaliza kufika, mama. Ni réseau, mtandao inakawia."

Akasogea karibu na shuka. Akatafuta kwa kidole. Akafika kwenye bega la Mama Kahindo.

"Ah! Muone, mukono yangu inakwisha kufika! Mimi niko nyuma, ninakuya."

Kanisa zima likacheka kwa furaha. Mimi pia. Nimecheka.

Wakati wa kuondoka amenipa mfuko wa maharagwe. "Wasingya, wasingya," ananishukuru kwa Kinande, ameshika mikono yangu yote miwili. Nimeupokea.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafuta picha ya asili. Kwenye kapu la takataka la mashine: hamna. Kwenye kadi, kwa programu ya bure ya kufufua faili: ubatizo, ubatizo, nusu ya keki. Kwenye simu: hamna.

Nimejaribu kumchora upya. Nimekata kitenge chekundu kwenye picha nyingine, nikakiweka pembeni. Uso sina. Nimefunga mashine.

Maharagwe yako mezani. Siwezi kuyapika.

Jumatano, 12 Machi

Mama Présidente kwenye simu, anacheka. Mama Masika anaenda kila siku kwenye kibanda cha kuchaji simu, anaomba afunguliwe tovuti. Leo aliuliza kama kichwa kimefika.

"Mais Katungu, hii réseau yenu ni ya namna gani? Siku ine!"

Akaendelea. Mtu wa kijiji cha Mama Masika amejibu kutoka mbali, kwa sauti iliyopitia simu nyingi, hakuna anayejua ya nani: Tumeangalia, tumehesabu wamama wote, Masika hayuko.

Hayuko. Kwa watu wanaotafuta ndugu zao, neno hilo lina maana moja tu. Na nimelitia mimi kwenye picha. Sasa linasafiri.

Dawa ilikuwepo tangu Jumapili. Kwenda na kamera, kupiga nyingine, dakika tano. Sikwenda kwa sababu wangeniuliza kwa nini picha mpya. Hiyo tu. Niliogopa swali moja, nikamwacha mama wa watu asimame kibandani siku nne. Mimi ni mwoga, na mbaya zaidi, ni mwoga anayejisifu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepanda pikipiki hadi Kalunguta. Alikuwa depo, anachambua maharagwe, peke yake. Nimekaa kwenye kigunia nikamwambia yote. Nilianza vibaya, nikaanza na programu. Akanikatiza.

"Donc hapana réseau?"

"Hapana, mama. Ni mimi nilikutosha, nilikufuta kwa picha."

"Ju ya nini?"

"Ju ya kitenge. Haikukuwa kama ya benzako."

Alikitazama kitenge chake. Alikuwa amekivaa.

"Ni hii nilikimbia nayo. Mutoto wangu anaijua."

Akaniomba nimwonyeshe namna nilivyofanya. Nilikuwa na picha yangu mwenyewe kwenye simu, nimesimama mbele ya bureau, ofisi yangu, nimejipamba. Nimemfungulia programu, nikampa simu. Akapitisha kidole juu yangu, polepole, kuanzia kichwani. Sekunde nne. Mlango wa bureau ukabaki.

"Ni vile tu?"

"Ni vile tu, mama."

Amenirudishia simu. Hakupaza sauti, ningependa apaze.

"Ile siku kanisani ulinicheka."

"Hapana, mama. Niliogopa."

"Ulicheka. Nilikuona."

Akaendelea kuchambua. Mabaya kushoto, mazuri kulia. Nikaenda kwa Mama Présidente nikarudia maneno yote. Yeye alipaza sauti, hadi majirani wakatoka. Nilishukuru. Ameamua picha mpya Jumapili baada ya ibada.

Jumamosi, 15 Machi

Beni. Wenzangu ishirini, kila mtu na mashine yake. Nilipaswa kuonyesha picha ya kabla na picha ya baada. Ya kabla sina.

Nimeonyesha ya kupunguza uzito na ya kukata. Ya kufuta nimeiruka. Nimesema: kabla hujagusa picha, weka nakala mahali pengine, uibadilishe jina. Wote wameandika. Mmoja ameuliza kama imewahi kunitokea kupoteza ya asili. Nimejibu: kidogo. Bado mwoga, basi.

Jumapili, 16 Machi

Wamama wote wamerudi kwa kijani. Mama Présidente amemletea Mama Masika kitenge cha kijani cha kuazima, kimepigwa pasi. Amekataa.

"Bataniona namna gani na hii?"

Wamemwekea kiti cha chini mbele kabisa, katikati. Mama Kahindo amesimama nyuma yake, safari hii ni yeye aliyeweka mkono begani. Nimepiga picha thelathini. Mama Masika ametazama kamera, si mimi. Hatukusalimiana.

Nimefika nyumbani nikanakili picha mara nne. Mashine, simu, fleshi, kadi. Kadi nimeifunga kwenye bahasha.

Jumanne, 18 Machi

Nimeweka picha mpya asubuhi. Kama ilivyotoka kwenye kamera. Sikukata, sikufuta, uzito sikupunguza. Nimeogopa kuigusa kwa programu yoyote. Matope yapo. Mbuzi mmoja yupo, anakula karatasi.

Saa sita Mama Masika ameingia bureau. Wamama wameleta maharagwe sokoni Butembo, ametoka kidogo. Hakukaa. Nimemfungulia tovuti kwenye simu yangu, nikampa.

Picha ni nzito, ikawa inashuka polepole kutoka juu. Bati la depo. Ukuta. Vilemba vya kijani, mstari kwa mstari. Kisha ikasimama. Yeye alikuwa chini kabisa, kwenye kiti.

Mtandao ulikuwa mbaya kweli. Neno lile, réseau, lilinifika mdomoni, nikalimeza. Tumesimama wawili, pikipiki zinapita nje.

Ukaja mkono wa Mama Kahindo. Ukaja uso. Ikaja nyekundu yote, hadi kandambili.

Aliishika simu kwa mikono miwili mpaka hakuna kilichobaki kushuka.

"Sasa tuma," alisema.

Nimetuma kwa kila namba aliyonitajia.